Tatizo ni Wifi

Kabla hajaja kukaa kwenye kiti kilichopakana na changu, Mwalimu alikuwa amefundisha chekechea miaka mingi. Shule ilifungwa kwa sababu mwenye jengo alitaka kuligeuza ukumbi wa mazoezi ya viungo. Mwalimu akajikuta hana kazi. Alichobaki nacho ni mume dereva wa gari la mikate, mabinti wawili wanaorefuka kama wamemwagiwa mbolea, na cheti cha uhasibu alichokuwa amekisomea jioni jioni bila kumwambia mtu. Aliogopa angefeli halafu achekwe.

Kampuni yetu wakati huo ilikuwa inatafuta mtu wa kupokea malalamiko ya wateja. Siku ya usaili meneja alimuuliza, "Mteja akikupigia huku anafoka, utafanya nini?"

"Nitamwacha amalize," alijibu. "Wa kwangu walikuwa wanafoka huku wamelala chini wanarusha mateke. Hawa wa kwenu angalau watakuwa wamekaa."

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake Mwalimu alikuwa kazini, ameweka mezani chupa ya chai, kikombe chenye picha ya twiga na kopo la penseli za rangi. Hata siku moja sikujua zile penseli ni za nini, lakini ziliipendezesha meza.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Kampuni ilitengeneza programu ya hesabu inayotumika kwenye mtandao. Wenye maduka, karakana na kliniki waliingia humo kuandika ankara zao, mauzo yao na mishahara ya watu wao. Mambo yakienda sawa, hakuna aliyetukumbuka. Yakienda kombo, simu zetu zililia. Na mara nyingi, mteja alikuwa anatusomea maneno yale yale yaliyomtokea kwenye kioo cha kompyuta kwa herufi nyekundu: *Hitilafu isiyotarajiwa imetokea. Jaribu tena.*

"Nimejaribu tena," walisema. "Nimejaribu tena mpaka kidole kimekufa ganzi."

Wenzangu na mimi tulikuwa na mtindo wa kumkimbiza mteja: funga, fungua, futa kumbukumbu za kivinjari, badilisha kivinjari, zima mashine. Mwalimu hakuanza hivyo. Alianza kwa kusema, "Pole sana. Hebu nisimulie. Ulikuwa unafanya nini, na mkono wako ulikuwa wapi?" Watu walisimulia kweli. Kinyozi mmoja aligundua, katikati ya kusimulia, kwamba kalenda ya kompyuta yake ilikuwa nyuma kwa miaka kadhaa, ndiyo maana mfumo ulikuwa unamkatalia kuingia. Fundi vioo mwingine alikuwa ameegemeza kitabu kizito juu ya kibodi, kimekandamiza kitufe tangu asubuhi. Mwalimu hakuwacheka, angalau si wakati wakiwa hewani. Alikata simu kwanza, akaweka kipaza sauti chini taratibu, ndipo tukacheka wote.

Basi siku moja ukaingia ujumbe wa maandishi kutoka duka la mapazia. Mwandishi alikuwa mke wa mwenye duka, ambaye kila mtu alimwita Mama Mapacha. Aliandika: "Habari za kazi. Ankara zangu hazihifadhiki, naletewa hitilafu kila siku. Tatizo ni wifi. Naomba msaada."

Mwalimu akajibu kama tunavyojibu wote: "Pole sana. Tafadhali zima wifi, subiri kidogo, kisha washa tena."

Jibu lilikuja haraka. "Huyo hazimiki."

Mwalimu alikunja uso. Akaandika: "Basi isogeze karibu na kompyuta yako."

"Weee! Akae huko huko juu aliko. Akisogea hapa patachimbika."

Mwalimu alinigeuzia kioo nisome. Tulitazamana. Akachukua simu, akapiga.

"Mama, samahani," alisema, "hiyo waifai yako iko ghorofani?"

"Waifai gani?" sauti ilijibu kwa nguvu kiasi kwamba hata mimi niliisikia. "Mimi nimeandika wifi! Dada wa mume wangu! Intaneti yangu ni nzima, haina neno. Huyu wifi yangu ndiye anayeniharibia ankara!"

Mwalimu alifunika kipaza sauti kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Habari ile ilizunguka ofisi nzima kabla ya chai ya saa nne. Mtengeneza programu wetu mkuu, kijana mrefu tuliyemwita Mlingoti, alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipomaliza kucheka alisema jambo ambalo sote tuliliona la maana: programu haijui undugu. Mawifi wagombane watakavyo, herufi nyekundu hazitoki kwenye ugomvi. Kuna kitu kimeharibika mahali.

Tukakitafuta. Mlingoti alifungua ankara za mfano wa lile duka kwenye mashine yake, akabadilisha bei, akahifadhi. Zikakubali. Akajaribu na punguzo, akajaribu bila punguzo, akajaribu kwa kivinjari cha zamani. Zikakubali zote. Mwalimu naye alimwongoza Mama Mapacha kwa simu, hatua kwa hatua, akafuta kila cha kufutwa na kuwasha kila cha kuwashwa. Siku hiyo ikawa salama. Kesho yake, hitilafu ikarudi.

Mwalimu hakuipenda hali ile. Mchana alikaa na chakula chake mbele yake, kijiko mkononi, bila kula. "Inakuja na kwenda," alisema. "Homa inayokuja na kwenda ina sababu. Lazima kuna kitu kinachotokea pale dukani ambacho hakitokei hapa."

"Sisi hatuna mapazia," nilimwambia.

"Wala hatuna wifi," alisema, akatabasamu. Lakini niliona wazo limeshamkaa.

Mama Mapacha alipotangaza kwamba akiona herufi nyekundu tena atahamia programu nyingine, na atawaambia wafanyabiashara wenzake wa mtaa mzima wamfuate, meneja alimruhusu Mwalimu aende mwenyewe. Mimi nilibaki na simu zake. Yaliyotokea huko alinisimulia yeye, na mengine nikaja kuyasikia kwa wale mawifi wenyewe, kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo nimeyapata pande zote.

Duka lilikuwa chini, lina kioo kipana mbele na mapazia yaliyoning'inia kila upande, mtu akiingia anayapangua kama anaingia kwenye mchezo wa kuigiza. Kompyuta ilikaa kaunta, kati ya kopo la pini na sanduku la pete za pazia. Nyuma ya kaunta kulikuwa na ngazi ya chuma iliyopanda kwenye karakana ya ushonaji. Huko juu ndiko alikotawala yule wifi. Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi, mafundi nao wakamwita hivyo hivyo, mwisho hata wateja wakasahau kama ana jina jingine.

Mama Mapacha alikuwa mnene, mchangamfu, futi kamba shingoni kama mkufu. Alimpokea Mwalimu kwa mikono miwili. "Karibu, karibu! Kaa hapa uone mwenyewe."

Akaandika ankara ya kwanza. Ikakubali. Akaandika ya pili. Ikakubali. Mama Mapacha alichukia kama mgonjwa ambaye homa imemwacha mlangoni kwa daktari. "Jana ilikataa!" alilalamika. "Mungu ananiona, jana ilikataa!"

"Tusubiri," Mwalimu alisema. "Fanya kazi yako kama mimi sipo."

Akaingia mzee mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa ameagiza mapazia ya vyumba vyake vyote. Mama Mapacha akafungua ankara yake, akamwahidi kumwongezea punguzo, kisha wakaanza maongezi: habari za mke wake, habari za mguu wake, bluu hii na bluu ile. Ankara muda wote imefunguka kwenye kioo. Mwalimu alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda, na miaka ya chekechea ilikuwa imemfundisha kusikiliza chumba ambacho hayumo. Alisikia cherehani moja huko juu, iliyokuwa ikinguruma tangu alipofika, imenyamaza. Hatua chache. Kiti kimevutwa. Halafu kitambo kidogo baadaye, kiti kimerudishwa na cherehani imeanza tena.

Mama Mapacha akaandika punguzo, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Herufi nyekundu.

"Si umeona!" alipiga makofi kwa furaha. Hata yule mzee alinyanyua kidole kama shahidi. "Nami nimeiona."

"Huko juu kuna kompyuta?" Mwalimu aliuliza.

"Ipo. Ya kwake."

"Anafanyia nini?"

"Atajua mwenyewe. Sisi hatusemeshani."

Mwalimu akapanda ngazi. Juu aliwakuta mafundi watatu kwenye cherehani zao, meza ndefu ya kukatia, na mwanamke mwembamba aliyevaa miwani yenye kamba. Alikuwa amebana pini midomoni, kwa hiyo huwezi kujua kama amenuna au anafanya kazi. Kompyuta yake ndogo ilikuwa kwenye rafu kando ya pasi. Na kwenye kioo chake, ankara ya yule yule mzee mwenye nyumba ya wageni.

Shangazi alitema pini kwenye kiganja. "Wewe ndiye wa programu? Afadhali umekuja. Hiyo programu yenu ni mbovu! Kila siku inaniletea maneno mekundu."

"Na wewe pia?" Mwalimu aliuliza.

"Na mimi pia. Nikirudisha bei yake ya halali, mara inakubali, mara inagoma."

"Mbona hukutupigia hata siku moja?"

Shangazi alishusha sauti. "Nilidhani ni huyo wa chini ameifunga makusudi, ili nisirudishe."

Hapo Mwalimu alikaa juu ya jora la kitambaa, akacheka mpaka mafundi wakaacha kushona. Aliniambia hakucheka kwa dharau. Alicheka kwa sababu alikuwa amewaona: wawili, mmoja chini na mmoja juu, wote wamefungua ukurasa ule ule. Mmoja anapunguza bei, mwingine anairudisha. Wa kwanza kubonyeza anapita, wa pili anagonga ukuta. Na kila mmoja ana hakika kabisa kwamba ukuta huo umejengwa na mwenzake.

Alitupigia papo hapo. "Fungueni ankara moja," alisema. "Wewe kwako, Mlingoti kwake. Kila mtu abadilishe bei. Mmoja ahifadhi, halafu na mwingine ahifadhi."

Tukafanya. Ya Mlingoti ilikubali. Nilipobonyeza mimi, herufi nyekundu zikanijia usoni. Mlingoti alijipiga kofi la kichwa. Alikuwa ameijaribu programu ile kwa kila namna isipokuwa akiwa watu wawili. Akatueleza: programu ilikuwa inafanya vema kukataa, maana ingekubali tu, ingefuta kazi ya mtu bila yeye kujua. Tatizo ni kwamba haikupewa maneno ya kusema hivyo. Ilikuwa na sentensi moja tu kwa kila kisichoelezeka, ikawa inaitoa hiyo hiyo.

"Rudi tu ofisini, Mwalimu," Mlingoti alimwambia. "Nitalirekebisha leo leo."

Angeweza kurudi. Kazi yake ilikuwa imekwisha na gari la mume wake lilikuwa linapita mtaa ule, angempa lifti hadi ofisini, katikati ya harufu ya mikate. Lakini aliwaza: maneno yatabadilika, na hawa watu wataendelea kuvutana kwa maneno mazuri zaidi. Akamwomba Shangazi ashuke wazungumze.

"Sishuki," alisema Shangazi.

Mwalimu akainama kwenye ngazi. "Mama Mapacha, basi wewe panda."

"Sipandi!"

Mwalimu akachukua ile kompyuta ndogo ya rafuni, akashuka nayo nusu ya ngazi, akakaa kwenye daraja la katikati. "Haya. Mimi niko hapa. Kila mtu aje mpaka anapoweza."

Mama Mapacha alipanda madaraja mawili. Shangazi akashuka matatu. Mafundi wakajipanga juu wakichungulia, na yule mzee mwenye nyumba ya wageni, ambaye ankara yake ilikuwa bado haijaeleweka, akavuta kigoda chini akakaa vizuri kabisa.

"Mwambie huyo..." Shangazi alianza.

"Hapo alipo anakusikia," Mwalimu alisema. "Na leo hakuna kuambiana. Leo ni kuulizana tu. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, halafu naye anauliza." Ilikuwa mbinu yake ya darasani, watoto wawili wanapong'ang'ania mwanasesere mmoja.

Kisha Shangazi akauliza, macho yake yako ukutani, "Kwa nini kila mteja unampunguzia?"

"Kwa sababu mteja akitoka mlangoni pale, mlango wa pili ni duka jingine la mapazia. Wewe kwa nini unanirudishia bei kama mimi mwizi?"

"Mwizi? Nani kasema mwizi? Narudisha kwa sababu vitambaa vimepanda. Ukipunguza hivyo tunashona bure. Hukuliona hilo?"

"Vimepanda lini?"

"Tangu mzigo uliopita."

"Mbona hukuniambia?"

"Tulikuwa hatusemeshani," alisema Shangazi.

Fundi mmoja huko juu alijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka puani. Mzee wa nyumba ya wageni akafuata. Mama Mapacha alijitahidi kununa, lakini yeye si mtu wa kununa muda mrefu. Tumbo lilianza kutikisika lenyewe. Mwisho hata Shangazi alilazimika kuvua miwani aifute.

"Na hiki kimya chenu kilianzia wapi?" Mwalimu aliuliza.

Wote wawili walianza kusema kwa pamoja. Kulikuwa na jora la rangi ya chungwa. Mama Mapacha alilichagua, halikununulika, na Shangazi akasema jambo mbele ya wateja.

"Ulisema nina macho ya kuku!"

"Nilisema kitambaa kina rangi ya macho ya kuku! Wewe ulikuwa umeshaanza kukasirika, hukusikia mwisho."

"Kuku gani ana macho ya chungwa?"

"Wa mama yangu wote!"

Wakati huo huo mlango wa mbele ulifunguka, akaingia mwenye duka mwenyewe, amebeba katoni za fimbo za pazia. Aliona mke wake, dada yake, mgeni katikati na kadamnasi pande zote. Akaanza kurudi kinyumenyume kama lori.

"Wewe! Njoo hapa!" wale wanawake walisema kwa sauti moja.

Ikaja kujulikana kwamba bei mpya za vitambaa alikuwa anazijua tangu mwanzo. Hakumwambia mke wake, akidhani dada amemwambia. Na kule kununiana kwao hakukugusa, akiamini kutaisha kwenyewe. Walimsema kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anapokea, na Mwalimu aliniambia hakuwahi kuona watu waliopatana haraka hivyo. Yule bwana alipokea yote akiwa ameshika katoni zake. Alipomaliza kusemwa alimwuliza Mwalimu kwa upole kama anaweza kuziweka chini.

Waliamua mambo pale pale kwenye ngazi. Shangazi ataingiza gharama za vitambaa kwenye programu, na Mama Mapacha ataandika ankara peke yake. Akitaka kupunguza kuliko kawaida, atauliza kwanza. Mwalimu aliwaonyesha mahali pa kutumiana ujumbe humo humo ndani ya programu, jambo zuri ambalo Mlingoti alilitengeneza kwa jasho. Hawakulitumia kamwe. Mpaka leo Mama Mapacha anainua uso kwenye ngazi na kuita, "Wifiii! Huyu nimpunguzie?" na jibu linateremka mpaka barabarani, wateja wa duka la pili nao wanalisikia. Mzee wa nyumba ya wageni alipata punguzo lake siku ile, kwa kura ya wote.

Mwalimu alirudi ofisini amebebeshwa kitambaa cha chungwa cha kutosha madirisha mawili. Alikuta Mlingoti ameshaandika maneno mapya kwenye programu. Alimwonyesha kwa fahari: *Mgongano wa matoleo ya rekodi umebainika.*

Mwalimu alisoma, akasoma tena. "Kijana wangu, nani anaongea hivi?"

"Ni Kiswahili sanifu."

"Sijasema si sanifu. Nimeuliza nani anaongea hivi."

Mlingoti alimwachia kiti. Mwalimu akakaa, akafikiri, akaandika taratibu kwa vidole viwili: *Mwenzako amebadilisha ankara hii wakati nawe umeifungua. Kazi yako haijapotea. Soma kwanza alichoandika, kisha uamue.* Akamwomba Mlingoti aweke pia jina la huyo mwenzako, ili watu wasibaki kuhisi hisi. Mlingoti akaweka. Simu za aina ile zilikatika kama bomba lililofungwa.

Meneja aliliona hilo, na baada ya muda si mrefu Mwalimu akahamishiwa meza ya dirishani, kazi yake ikiwa kupitia kila onyo la programu ile na kuliandika upya kwa maneno ya watu. Mshahara uliongezeka kidogo, chai haikubadilika. Alikuwa anakuja kunisomea sentensi zake kabla hajazipeleka. Ya intaneti inapokatika aliiandika mara nyingi sana, hakuridhika nayo mpaka mume wake aliposikilizishwa akasema yeye angeelewa hata akiwa kwenye usukani.

Wiki hii nimepokea simu ya mfamasia mmoja, mtu mkali, tunamfahamu. Sauti yake ilikuwa ya ajabu ajabu.

"Nina malalamiko," alisema. "Nimekosea kuandika tarehe, na hii kompyuta yenu imeniambia, *Pole, tarehe hii bado haijafika.* Sasa mimi nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nigombe na nani?"

Nikamwambia asubiri kidogo, nikamwita Mwalimu aje asikie mwenyewe.